Chembe, Punje na Donge: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili katika Sayansi ya Nyenzo Amilifu

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Kiswahili cha kitaaluma kinavyoeleza jambo moja la msingi katika sayansi ya nyenzo, yaani kudhibiti ukubwa wa punje na chembe ili kuboresha utendaji wa nyenzo. Hoja kuu ni kwamba neno chembe limebebeshwa dhana mbili ambazo sayansi yenyewe huzitenganisha: kipande kilicho huru ndani ya unga, na eneo la fuwele lililofungwa ndani ya kitu kigumu. Kwa kulinganisha aina mbili za kapasita, moja ya tantalumu na nyingine ya kauri, makala inaonyesha kuwa sentensi moja ya Kiswahili inaweza kuwa kweli kwa moja na kupotosha kwa nyingine. Aidha, neno laini linahakikiwa kwa kuwa hufanya sheria inayojulikana ya uimara wa metali isomeke kinyume. Makala inapendekeza mgawanyo wa maneno matatu ambayo tayari yamo katika lugha, yaani chembe, punje na donge, na inajadili pingamizi dhidi ya pendekezo hilo.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya istilahi za sayansi katika Kiswahili kwa muda mrefu imetawaliwa na swali la asili ya neno: je, likopwe, litafsiriwe, au libuniwe? Swali hilo lina umuhimu wake, lakini limefunika jingine lililo zito zaidi, nalo ni iwapo neno lililochaguliwa linalinda tofauti ambazo taaluma husika haiwezi kuendelea bila kuzitaja. Neno linaweza kuwa la Kibantu safi, tamu kulitamka, na bado likavuruga taaluma nzima. Neno jingine linaweza kuwa la mkopo mtupu na likafanya kazi yake vizuri.

Chembe ni mfano wa neno la kundi la kwanza. Katika matumizi ya kawaida ni kipande kidogo mno cha kitu: chembe ya mchanga, chembe ya chumvi, na hata chembe ya huruma. Katika biolojia limezaa chembe hai na chembechembe za damu. Katika fizikia na kemia hutumika kwa vipande vidogo vya maada kwa jumla. Upana huo haudhuru pale ambapo kila taaluma inabaki katika uwanja wake, kwa kuwa msomaji wa somo la damu hatarajii kukutana na mchanga. Tatizo huanza neno moja linapobeba dhana mbili ndani ya taaluma ileile, katika aya ileile, na wakati mwingine katika sentensi ileile.

Hali hiyo ndiyo inayoikumba sayansi ya nyenzo amilifu. Nyenzo amilifu ni zile zinazothaminiwa kwa kazi zinazofanya, kama vile kuhifadhi chaji, kuzuia msukumo wa umeme au kushika usumaku, kuliko kwa uzito zinaoubeba. Sehemu kubwa ya maendeleo yake haikutokana na kugundua elementi mpya. Ilitokana na kupanga upya ukubwa wa vipande vya maada iliyokwisha kujulikana. Kwa hiyo, lugha isiyoweza kusema ni kipande kipi kinachopimwa haiwezi kueleza maendeleo hayo.

2.0 Tofauti Inayopotea

Ili uhakiki uwe wa haki, ni lazima dhana zenyewe zitenganishwe kwanza. Unga wa kauri au wa metali una vipande vilivyo huru. Vinaweza kumiminwa, kuchekechwa na kupeperushwa. Unga huo ukishindiliwa katika kalibu na kuchomwa kwa joto kali lisilofikia kiwango cha kuuyeyusha, vipande hushikana, matundu kati yake hupungua, na hatimaye kitu kizima kigumu hupatikana. Ndani ya kitu hicho mna maeneo mengi madogo. Katika kila eneo atomu zimejipanga kwa mwelekeo mmoja, na eneo jirani lina mwelekeo wake. Mahali maeneo mawili yanapokutana pana mpaka, tabaka jembamba ambamo mpangilio wa atomu umevurugika.

Kipande cha unga na eneo la ndani ya kitu kigumu si kitu kimoja. Kipande kimoja cha unga kinaweza kuwa na maeneo mengi ya fuwele ndani yake. Wakati wa kuchoma, maeneo makubwa hukua kwa kuyala madogo, hivyo ukubwa wa mwisho unaweza kuzidi kwa mbali ukubwa wa vipande vya mwanzo. Tena, vipande vya unga vinaweza kushikamana na kuwa mabonge, kama unga wa ugali uliotiwa katika maji bila kukorogwa vizuri. Mabonge hayo yana ukubwa wake wa tatu, usiolingana na hizo mbili za kwanza.

Hata vipimo hutofautiana. Chekecheke na miale ya leza hupima vipande vilivyo huru, au mabonge yake kama hayakuvunjwa. Hadubini inayoelekezwa kwenye uso uliosuguliwa na kuliwa kidogo na asidi huonyesha maeneo na mipaka ya ndani. Miale ya eksi, kwa kanuni iliyotolewa na Paul Scherrer mwaka 1918, hukadiria ukubwa wa fuwele na haisemi lolote kuhusu ukubwa wa kipande kinachozibeba. Mtafiti anayeandika kwamba “ukubwa wa chembe ni nanomita 30” hajamwambia msomaji alichopima.

Ni haki kukiri kuwa Kiswahili hakiko peke yake. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kwa dhana hizi, lakini waandishi wake nao huyachanganya, hasa wanapotumia matokeo ya kanuni ya Scherrer kana kwamba ni kipimo cha vipande vya unga. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kukosea ilhali lugha inatoa njia ya kusahihisha, na kukosea kwa sababu lugha haikutoa njia. Msomaji wa Kiingereza anaweza kumwambia mwandishi kwamba ametumia neno lisilo lake. Msomaji wa Kiswahili mwenye neno moja tu hana la kusema.

Upungufu huu unazidishwa na sarufi. Chembe ni nomino isiyobadilika umbo katika umoja na wingi, hivyo “ukubwa wa chembe” hauonyeshi kama kinachotajwa ni kipande kimoja au mamilioni. Unga wowote halisi una vipande vya ukubwa mbalimbali, na mara nyingi mtawanyo wa ukubwa huo huathiri utendaji kuliko wastani wake. Hapa sarufi haihitaji kurekebishwa. Inatosha mwandishi aseme wazi: wastani wa ukubwa, au mtawanyo wa ukubwa.

3.0 Kapasita Mbili, Sentensi Moja

Madhara ya mkanganyiko huu huonekana vyema katika kifaa kidogo kinachopatikana ndani ya takriban kila chombo cha kielektroniki, yaani kapasita. Sentensi inayochunguzwa hapa ni hii: “Chembe zikipunguzwa ukubwa, uwezo wa kapasita huongezeka.” Ni sentensi sahihi kisarufi, na mwanafunzi yeyote angeikariri kwa urahisi. Je, ni kweli?

Katika kapasita ya tantalumu, ni kweli. Mfano huu unaligusa eneo hili moja kwa moja, kwa kuwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakuu duniani wa koltani, madini yanayotoa tantalumu. Unga wa metali hiyo hushindiliwa kuuzunguka waya, kisha huchomwa ndani ya ombwe kwa zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi, ilhali metali yenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 3,000. Lengo ni vipande vishikane shingoni tu, matundu yabaki, na kitu kizima kiwe kama sifongo. Baadaye tabaka la oksidi huoteshwa kwa umeme juu ya kila uso ulio wazi ndani ya sifongo hiyo. Tabaka hilo ndilo linalotenganisha chaji. Kwa vile uwezo wa kapasita huongezeka kadiri eneo la uso linavyoongezeka, na kwa vile kipenyo cha vipande kikipunguzwa nusu eneo la uso kwa kila gramu huongezeka maradufu, unga mdogo zaidi hutoa kapasita yenye uwezo mkubwa zaidi kwa uzito uleule.

Hata hapo pana kikomo. Oksidi huwa na unene wa takriban nanomita 2 kwa kila volti iliyotumika kuiotesha, nayo hujengwa kwa kuila metali yenyewe. Kapasita inayokusudiwa kuhimili volti nyingi huhitaji oksidi nene. Vipande vikiwa vidogo mno, oksidi huzila shingo na kuziba matundu, na sehemu ya unga hukatwa kutoka katika njia ya umeme. Ndiyo sababu watengenezaji huchagua unga mdogo sana kwa volti ndogo na unga mkubwa zaidi kwa volti kubwa.

Katika kapasita ya kauri ya bariamu titaneti, sentensi ileile hugeuka kitendawili. Hapa mtengenezaji hataki sifongo. Anataka tabaka jembamba lisilo na tundu hata moja, na matundu yakibaki ni kasoro. Kinachoamua utendaji baada ya kuchoma si vipande vya unga, ambavyo havipo tena vikiwa huru, bali ni maeneo ya fuwele na mipaka yake. Utafiti wa Arlt, Hennings na de With, uliochapishwa mwaka 1985, ulionyesha kuwa kiwango cha permitiviti katika joto la kawaida hufikia kilele cha takriban 5,000 ukubwa wa maeneo hayo unapokaribia mikromita 1. Yakiwa makubwa, kufikia makumi ya mikromita, kiwango huwa chini ya nusu ya hapo. Yakipungua zaidi ya mikromita 1, kiwango hushuka tena. Kwa hiyo mwelekeo haunyooki upande mmoja. Una kilele, na pande zote mbili za kilele hicho ni mteremko.

Jambo halikomei hapo. Matabaka ya kapasita za kisasa za kauri yamekuwa membamba hata chini ya mikromita 1. Kama ukubwa wa eneo moja ungekaribia mikromita 1, tabaka zima lingekuwa na unene wa eneo moja tu, na mpaka mmoja dhaifu ungetosha kupitisha umeme na kukiua kifaa. Watengenezaji hulazimika basi kupunguza maeneo hayo hadi nanomita mia moja au mia mbili ili mipaka kadhaa isimame kati ya nguzo mbili za umeme. Wanapoteza sehemu ya permitiviti ili wapate uhai mrefu wa kifaa. Huo ni uamuzi wa kihandisi unaohitaji mtu aweze kusema kwa lugha yake: unga wangu ni wa ukubwa huu, maeneo ya ndani ni ya ukubwa ule, na mipaka ni mingapi.

Katika kapasita ya kwanza, kinachodhibitiwa ni vipande, na uchomaji husimamishwa mapema ili nyuso zisipotee. Katika ya pili, kinachodhibitiwa ni maeneo ya fuwele, na uchomaji huendelezwa hadi nyuso zote zitoweke na kubaki mipaka. Sentensi yenye chembe peke yake huzifunika kapasita zote mbili kwa kitambaa kimoja. Mwanafunzi aliyeikariri atafaulu swali la kwanza, ataanguka katika la pili, na hataelewa kwa nini.

4.0 Kosa la Neno “Laini”

Mkanganyiko wa pili unatokana na kivumishi. Kiswahili husema unga laini kumaanisha unga uliosagwa sana, na pia husema godoro laini kumaanisha lisilo gumu. Maana hizi mbili hukaa pamoja kwa amani jikoni, kwa kuwa unga uliosagwa sana kweli ni mwororo mkononi, tofauti na unga wa chengachenga unaokwaruza. Mkono ndio uliozifungamanisha maana hizo.

Katika metali, kifungo hicho hukatika. Mwaka 1951 E. O. Hall, na mwaka 1953 N. J. Petch, walionyesha kwa nyakati tofauti kuwa uimara wa chuma huongezeka kadiri maeneo yake ya fuwele yanavyokuwa madogo. Sababu ni kwamba chuma hupinda pale kasoro katika safu za atomu zinapoteleza, na kila mpaka huzizuia kasoro hizo kuendelea na safari. Mipaka ikiwa mingi, vizuizi huwa vingi. Kwa mujibu wa kanuni yao, kipenyo cha maeneo hayo kikipunguzwa mara nne, mchango wa mipaka katika uimara huongezeka maradufu.

Sasa msomaji apewe sentensi iliyofasiriwa kwa mazoea: “Chuma chenye chembe laini ni kigumu zaidi.” Sentensi hiyo inajipinga masikioni. Akikutana pia na “chuma laini,” jina linalotumika kwa chuma chenye kaboni kidogo kinachopindika kwa urahisi, atakuwa na kila sababu ya kudhani kuwa kupunguza ukubwa wa chembe ndiyo njia ya kukipata. Hapo lugha itakuwa imemfundisha kinyume cha kanuni, ingawa hakuna neno lililofasiriwa vibaya likiangaliwa peke yake.

Uhakiki huu haulitaki neno laini lifukuzwe. Linafaa kwa unga, kwa sababu unga hupimwa pia kwa mkono. Halifai kwa maeneo ya ndani ya kitu kigumu, ambayo hakuna mkono uliowahi kuyagusa. Huko inatosha kusema “ndogo” na “kubwa,” maneno ya kipimo yasiyobeba hisia. Isitoshe, neno la kipimo huacha nafasi ya kueleza pale kanuni inapobadilika. Katika joto kali, mipaka ambayo ilikuwa vizuizi huwa njia za kuteleza, na chuma chenye mipaka mingi hunyooka polepole chini ya mzigo. Ndiyo sababu mapanga ya tabo katika injini za ndege hutengenezwa kwa fuwele moja isiyo na mpaka hata mmoja. Anayejua kuwa “ndogo” ni kipimo, wala si sifa njema, hatashangazwa na jambo hilo.

5.0 Mpaka Kama Mahali pa Kazi

Mifano iliyotangulia imeuonyesha mpaka kama kizuizi. Ipo nyenzo ambayo ndani yake mpaka ndio kazi yenyewe. Varista za oksidi ya zinki, ambazo Michio Matsuoka alizieleza mwaka 1971, hutumika kuvikinga vifaa na mitambo dhidi ya msukumo wa ghafla wa umeme, ukiwemo ule unaosababishwa na radi. Ndani ya kila eneo la fuwele umeme hupita kwa urahisi. Katika mpaka hauruhusiwi, mpaka volti zifikie takriban 3 kwa kila mpaka mmoja. Hapo mlango hufunguka ghafla na mkondo hatari huelekezwa ardhini.

Hesabu yake ni nyepesi. Kipande chenye unene wa milimita 1 na maeneo ya mikromita 10 kina takriban mipaka 100 kutoka upande hadi upande, hivyo hufunguka karibu na volti 300. Maeneo yakikuzwa hadi mikromita 20, mipaka hupungua nusu, na kipande kilekile hufunguka karibu na volti 150. Mtengenezaji hapimi wema kwa udogo. Huhesabu mipaka anayoihitaji, kisha huchagua ukubwa unaompa idadi hiyo.

Neno mpaka, basi, limekwisha kuthibitisha kufaa kwake. Linaeleweka bila kamusi, na linabeba maana zote mbili ambazo sayansi inazihitaji: mahali pa kuzuiwa, na mahali pa kupitia kwa masharti. Wakazi wa Namanga, Mutukula au Rusumo hawahitaji kufundishwa kuwa mpaka ni mahali pa shughuli. Lakini mpaka wa nini? “Mpaka wa chembe” humpeleka msomaji kwenye uso wa kipande kilicho huru, ambacho hakina jirani. Ili mpaka uwe na maana, ni lazima upande wake mmoja na wa pili viwe na kitu kinachokaa karibu na mwenzake bila nafasi kati yao. Kitu hicho kinahitaji jina lake.

6.0 Tanuri za Buhaya na Kile Kisichosemeka

Ingeweza kudhaniwa kuwa haya yote ni mambo ya viwanda vya mbali. Historia ya eneo hili inasema vingine. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao juu ya uyeyushaji wa chuma miongoni mwa Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Walichunguza mabaki ya tanuri za kale, na pia kazi ya wazee waliojenga tanuri upya, wakalijaza shimo lake mabaki ya nyasi za kinamasi zilizochomwa, na kuingiza ndani kabisa mabomba ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto.

Dai lao mojawapo lilihusu hewa kupashwa moto ndani ya mabomba hayo kabla ya kufika kwenye makaa, na dai hilo lilipingwa na baadhi ya wataalamu. Dai jingine ndilo linaloihusu makala hii: kwamba chuma katika tanuri hizo kilijengeka kwa fuwele kukua, tofauti na njia iliyozoeleka katika tanuri za Ulaya, ambamo vipande vidogo vya chuma kigumu vilishikana kwa kuchomwa.

Jaribio la kulieleza dai hilo kwa neno moja huishia hivi: “Katika tanuri za Wahaya chembe zilikua, katika tanuri za Ulaya chembe zilishikana.” Msomaji hawezi kujua kuwa chembe ya kwanza ni fuwele inayopanuka atomu kwa atomu, na chembe ya pili ni kipande kizima kinachoungana na kingine. Tofauti yenyewe, ambayo ndiyo hoja yote, imeyeyuka. Hili ni pigo la kipekee, kwa sababu ni ujuzi uliozaliwa ndani ya eneo la Kiswahili, ukajadiliwa kwa Kiingereza, na sasa hauwezi kurudi nyumbani kwa lugha ya eneo bila kupoteza kiini chake.

7.0 Pendekezo na Pingamizi

Makala inapendekeza mgawanyo ufuatao katika uwanja wa sayansi ya nyenzo. Chembe ibaki kuwa kipande kilicho huru, kama fizikia inavyoitumia tayari. Punje iwe eneo la fuwele ndani ya kitu kigumu, na mahali punje mbili zinapokutana paitwe mpaka wa punje. Donge liwe mkusanyiko wa chembe zilizoshikamana bila kuwa kitu kimoja. Fuwele libaki jina la mpangilio wenyewe wa atomu. Jaribio la kutofautisha ni jepesi: chembe humiminika, donge huvunjwa kwa kukorogwa au kusagwa kidogo, na punje haitoki mpaka kitu kizima kivunjwe.

Pingamizi la kwanza ni kuwa punje ni neno la chakula. Ni kweli, lakini neno la Kiingereza kwa dhana hii nalo ni la nafaka, na halijawazuia wataalamu wake. Zaidi ya hayo, picha ya punje ni sahihi kuliko inavyodhaniwa. Punje za mahindi zikiwa kwenye gunzi hubanana hadi pande zake hunyooka, kila moja ikichukua umbo kwa kusukumwa na jirani zake. Ndivyo punje za kauri zinavyoonekana chini ya hadubini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Punje za mahindi zikipukuchuliwa huwa huru na humiminwa debeni, na bado huitwa punje. Mgawanyo unaopendekezwa, kwa hiyo, hauko kamili katika lugha ya kila siku, bali ni makubaliano ya kitaaluma yanayoegemea matumizi ya kawaida. Udhaifu huo unakubaliwa. Dawa yake ni mwandishi kuitaja punje pamoja na mpaka wake pale inapotokea mara ya kwanza. Eugen Wüster, mhandisi wa Austria aliyeweka msingi wa nadharia ya istilahi kwa kitabu chake cha 1931, alitaka kila dhana iwe na neno moja na kila neno dhana moja. Matakwa hayo ni makali kupita kiasi kwa lugha nzima. Ndani ya taaluma moja, hata hivyo, ni kiwango cha chini cha uaminifu kwa msomaji.

Pingamizi la tatu ni kuwa ingetosha kukopa maneno ya Kiingereza kwa kuyapa irabu. Kukopa si aibu, na makala hii yenyewe imekopa kapasita, permitiviti na varista. Lakini vitu hivyo ni vigeni, na jina geni huvifaa. Dhana za kipande, punje na donge si ngeni kwa mtu aliyepepeta, akatwanga na kuchekecha. Kumpa mtu huyo sauti ngeni badala ya neno analolijua ni kumnyang'anya ngazi aliyokuwa ameanza kuipanda. Nchini Tanzania, ambako mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili kisha hukabidhiwa Kiingereza anapoingia sekondari, ngazi hiyo ni ya thamani kubwa.

Wala si darasa peke yake linaloguswa. Madini ya kinywe yanayopatikana Mahenge nchini Tanzania, na ng'ambo ya mto Ruvuma huko Balama nchini Msumbiji, hupangwa bei kwa kuzingatia, pamoja na usafi wake, ukubwa wa magamba. Magamba makubwa kwa kawaida huthaminiwa kuliko madogo. Yanayokwenda kwenye betri husagwa na kuviringwa hadi chembe za takriban mikromita 10 hadi 20. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimepewa nafasi ya lugha ya sheria nchini Tanzania. Mkataba utakaoandikwa “ukubwa wa chembe” bila kusema ni gamba la asili ndani ya mwamba au chembe iliyokwisha kusagwa utaacha pengo ambalo wanasheria watalijaza, na si lazima walijaze kwa manufaa ya mwenye ardhi.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kuwa upungufu wa istilahi si lazima uwe ukosefu wa maneno. Kiswahili kina chembe, punje, donge, chenga, unga na vumbi. Ni utajiri wa jamii iliyoishi kwa nafaka na iliyojua, muda mrefu kabla ya maabara, kuwa ukubwa wa kipande hubadili kazi ya kitu. Upungufu umo katika kuuacha utajiri huo nje ya mlango wa taaluma na kuingiza ndani neno moja tu.

Vyombo vinavyosimamia istilahi, zikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya nchi wanachama, vinaweza kulikubali pendekezo hili, kulirekebisha au kulikataa na kuleta jingine. Kisichofaa ni kuendelea na hali ilivyo. Orodha ya istilahi ipimwe kwa sentensi, wala si kwa jozi za maneno. Aichukuaye orodha hiyo ajaribu kueleza kwa nini kapasita ya tantalumu hutaka chembe ndogo, kwa nini kapasita ya kauri hutaka punje zisizo kubwa wala ndogo mno, na kwa nini panga la tabo halitaki mpaka wa punje hata mmoja. Akiweza kuyasema matatu hayo bila kujipinga, orodha imefaulu.